Jodari wa Rakaa Nne

Nilifika Mkokotoni mapema siku ya hitima ya Makame, kwa sababu nimezoea kufika mapema kila niendako, nikapewa ungo wa vitunguu thomu nimenye pamoja na wanawake wengine uani. Sufuria za pilau zilikuwa bado hazijapandishwa jikoni. Wasichana wawili nisiowajua walikaa upande wangu wa kushoto, na mmoja akamuuliza mwenzake kwa sauti ya chini, "Huyu marehemu ndiye yule Makame wa samaki?" Mwenzake akasema ndiye, alivunja rekodi ya dunia. "Imeandikwa?" "Lazima imeandikwa. Kitu kama kile kitaachwa bure?" Nikaendelea kumenya. Haikuandikwa. Nilijua hivyo kuliko mtu yeyote pale uani, kwa sababu fomu niliijaza mimi, na swali lililoizuia rekodi ile nililijibu kwa mkono wangu. Bi Mize, mjane wake, alikuwa chumbani na eda yake, na kila mtu aliyeingia kumpa pole alitoka akizungumzia samaki.

Siku hizi nina duka dogo karibu na Darajani, ninachapa na kutafsiri hati za watu: vyeti vya ndoa, mikataba ya nyumba, barua za ubalozi. Wateja huniuliza nilisomea wapi Kiingereza changu, nami huwaambia kweli, kwamba nilikisoma katika kijitabu cha kanuni za kuvua samaki. Hudhani ninatania. Mwaka wa samaki yule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, skuli nilikuwa nimeiacha zamani, na Bwana Salum alikuwa ameniajiri kupokea simu katika ofisi yake ya Mji Mkongwe. Alikuwa na chombo cha mashine alichowakodisha wageni waliotaka kuvua kwa rodi, ule ufito wenye gurudumu la uzi. Ofisi ilikuwa chumba kirefu ghorofani, dari la boriti, kuta zinazotoa chokaa ukiziegemea, na harufu ya kamba mbichi iliyokataa kutoka hata ukifungua dirisha. Dirisha lenyewe lilitazama kichochoro chembamba kiasi kwamba mama wa nyumba ya pili alinipa bajia kwa mkono bila ya yeye kutoka kwake wala mimi kutoka kwangu. Kijitabu kiliachwa na wageni. Kilikuwa cha chama cha ng'ambo kinachotunza rekodi za samaki wa dunia nzima, na mimi nilikuwa na kamusi isiyo na jalada na simu isiyolia sana. Nilikisoma chote, halafu nikakirudia. Kisha, kwa kuwa mtu aliyejifunza peke yake hawezi kunyamaza na alichojifunza, nikawa nawasomea mabaharia.

Mabaharia walikuwa wawili. Makame alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, mpole wa maneno, aliyewafungia wageni chambo na kuwashauri waregeze uzi au wakaze. Mgeni akipata samaki, picha ilipigwa ya mgeni na samaki. Vuai alikuwa rafiki yake tangu utotoni, mzito wa mwili na mwepesi wa mdomo. Nilipowasomea kwamba samaki wa rekodi lazima awe mzima, asikatwe popote, apimwe nchi kavu kwenye mizani iliyokaguliwa, Makame alitikisa kichwa kama anayesikiliza hukumu ya mirathi. Nilipofika kwenye kanuni ya kwamba mvuvi awe mtu mmoja tu, na tangu samaki anase mpaka aingizwe chomboni asiguse mwingine rodi wala uzi, Vuai aliuliza, "Na akishikwa na chafya?" Tukacheka, na kanuni ile ikapita hivyo, katikati ya kicheko. Nimeirudia dakika ile mara nyingi. Sioni nilichoweza kukisema zaidi, maana hata mimi sikukiona kilichokuwa mbele.

Jambo lililofanya mwaka ule uwe wa wasiwasi tangu mwanzo lilikuwa chombo cha pili. Bwana Salum alikiagiza, na chombo kilihitaji nahodha. Makame aliitaka nafasi ile. Hakuwahi kuisema mbele ya Bwana Salum, lakini Bi Mize alijua, na Vuai alijua, na mimi nilijua kwa namna alivyokuwa akiuliza chombo kimefika wapi. Bwana Salum alikuwa akizungumza kwa simu na nahodha mmoja wa Malindi ya Kenya, ambaye picha zake zilitundikwa katika hoteli za huko. "Mgeni hakodi chombo," alikuwa akituambia, "anakodi jina la nahodha. Makame, jina lako liko wapi?" Makame alimjibu, "Liko Mkokotoni, bwana." Vuai alicheka peke yake. Kisha Bwana Salum, ambaye hakuwa mtu mbaya, akaninyoshea kidole mimi na kijitabu changu, akasema neno ambalo Makame alilichukua kwa uzito wake wote: "Siku jina lako litakapoandikwa kwenye kitabu kile cha Zuhura, chombo nakupa wewe."

Siku ya jodari wageni walikuwa wameahirisha safari. Bwana Salum aliwatuma Makame na Vuai kuijaribu mashine iliyotengenezwa, akawaambia wakipenda watupe uzi. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha kitambo msikiti wa jirani simu ilipolia. Alikuwa Vuai, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na mzaha.

"Zuhura, tuko diko la Mkokotoni. Mwambie bwana tuna kitu."

"Kitu gani?"

"Jodari. Kwa ule uzi mwembamba. Makame anasema uje na kitabu chako."

Bwana Salum aliendesha gari kwa kasi niliyoiogopa, na njia nzima aliniuliza lile lile: watakuwa hawajamkata? Alikuwa na haki ya kuogopa. Mkokotoni, kama madiko yote ya kisiwa hiki, chombo kikifika wako wanaosaidia kukivuta, na anayesaidia hapewi ahsante, hupewa kitoweo. Tena yupo bibi wa jirani atakayeleta bakuli, naye haambiwi hakuna. Tulimkuta jodari amelazwa juu ya majani ya mgomba, amefunikwa magunia yaliyorowa, na Makame amekaa kando yake. Mikono yake ilikuwa imevimba, vidole havikunjiki. Watu walikuwa wamemzunguka na mabakuli yao, wamekasirika kidogo na wamechangamka sana. "Leo Makame kawa bahili," mwanamke mmoja alisema. "Kavua nyangumi, kitoweo hatoi." Makame alisema kwa upole, "Mtapata nyote. Akishapimwa." Mnadi wa samaki, mtu mwenye sauti ya kufika kisiwa cha Tumbatu, alikuwa akitembea huku na huku. Kwake samaki hapimwi. Hutazamwa kwa jicho, akapigiwa mnada, akaondoka. "Jodari akilala, bei inalala naye," alimwambia Bwana Salum. "Mnangoja nini? Aamke?"

Tulingoja mizani. Mizani ya sokoni haikuwa na muhuri wa ukaguzi, na kijitabu kilikuwa wazi juu ya hilo. Mizani pekee ya karibu yenye muhuri, tena inayobeba uzito ule, ilikuwa ya kituo cha kununulia karafuu. Mtunza kituo, Bwana Faki, alikuwa akifunga mlango tulipofika na samaki nyuma ya gari. Alimtazama, akatutazama sisi, akasema hapana kabla hatujaomba. "Karafuu hunusa kila kitu," alisema. "Nikimlaza samaki hapa leo, msimu ujao mnunuzi atakunja pua, na mimi ndiye nitakayeulizwa." Bwana Salum alimsihi, kisha akapandisha sauti, kisha akasihi tena. Mimi nilikuwa nikitazama magunia yakikauka. Kijitabu hakikusema samaki hupungua uzito kiasi gani akikaa, lakini nilijua hupungua, na kila maji yaliyodondoka kutoka kwenye gari niliyaona ni sehemu ya rekodi inayomwagika. Mwishowe Makame aliteremka. Alimwambia Bwana Faki kwamba yeye mwenyewe ataiosha mizani kwa majivu na ndimu, na atakuja tena kesho kuiosha, na keshokutwa, mpaka yeye Faki aseme basi. Bwana Faki alimzunguka samaki mara mbili, mikono nyuma.

"Ana kilo ngapi huyu?"

"Ndiyo tunataka kujua," nilisema.

"Mmenitia tamaa na mimi ya kujua," alisema, akatoa ufunguo.

Tulitandika turubai. Mnadi, aliyekuwa ametufuata na nusu ya soko nyuma yake, alisema, "Mtoto wa kliniki huyo. Akishapimwa mpeni na chanjo." Watu walicheka, lakini mshale ulipoanza kutulia wote walisogea kuutazama. Kilo themanini na sita. Nilisoma mara tatu, nikamwita Bwana Faki asome, nikamwita mnadi asome. Kila unene wa uzi una rekodi yake, na iliyokuwepo kwa uzi ule mwembamba ilikuwa chini ya hapo kwa kilo mbili. Nilipima urefu na unene, nikapiga picha, nikakata kipande cha uzi nikakikunja ndani ya karatasi kama kanuni inavyotaka. Ndipo samaki akarudishwa diko, akapigiwa mnada, na vitoweo vikatoka hadi bakuli la mwisho.

Usiku ule baada ya isha tulikula kwa Makame. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na ukumbi. Wanaume walikaa ukumbini, mimi na Bi Mize chumbani, na kati yetu palikuwa na pazia la kitambaa chepesi lililopeperuka kila mtu anapopita. Bi Mize alikuwa amepika kichwa cha jodari kwa nazi na ndimu, wali mweupe, na pilipili ya kuponda aliyoiweka kando kwa ajili ya Vuai. Alikuwa na furaha iliyomfanya asile. Aliniuliza kama jina la Makame litaandikwa pamoja na jina la kijiji, nikamwambia litaandikwa na jina la nchi. "Basi waongeze Mkokotoni," alisema, "nchi ni kubwa." Upande wa pili wa pazia Vuai alikuwa akisimulia jinsi jodari alivyozama mara ya pili akagoma kupanda, na Makame akamuuliza jua liko wapi. "Nikamwambia adhuhuri inatoka," Vuai alisema. "Akanipa rodi. Mimi nimesimama nayo rakaa nne, na leo kakaa kwenye kisomo kirefu kama imamu wa Ijumaa. Nikasema moyoni, sheikh, toa salamu, mikono inakufa." Wanaume waliangua kicheko. Makame naye alicheka, nikamsikia.

Tonge lilikuwa mkononi mwangu. Nililirudisha kwenye sahani. Bi Mize aliniuliza kama nimepata mwiba, nikasema ndiyo, mdogo.

Sikuweza kusema pale, na siku zilizofuata sikuwa na mtu wa kumwambia. Makame alikuwa Mkokotoni akiuguza mikono, na kila alasiri alikwenda kituoni kuosha mizani. Mimi nilikaa ofisini na kijitabu, nikitafuta mlango. Nilirudia kila ibara inayohusu msaada, ajali na dharura. Waandishi wake walikuwa watu makini, na nilikuwa nimewapenda kwa umakini wao. Walikuwa wamefikiria rodi kuvunjika na uzi kukatika. Walikuwa wamefikiria hata papa kumng'ata samaki njiani. Mtu mwenye swala hawakumfikiria. Na upande wetu, Makame aliyekuwa amelinda kila pezi la samaki yule dhidi ya kijiji kizima, hakuona kwamba amefanya lolote la kutajwa. Kuswali hakukuwa tukio. Kwake ilikuwa sawa na kupumua. Nilipolala nilimwona jodari amezama, uzi umesimama wima, na mtu mmoja anainama na kuinuka. Kwenye fomu palikuwa na swali moja fupi: je, mtu mwingine aligusa rodi au uzi? Na visanduku viwili.

Makame alipokuja mjini kutia saini alileta ndizi mkono wa tembo kwa ajili yangu. Vuai alikuwa naye. Nilisubiri aketi, nikamuuliza kama ni kweli alimpa Vuai rodi.

"Ndiyo. Adhuhuri ilikuwa inatoka. Kwani?"

Lile "kwani" ndilo lililoniuma. Nilimsomea kanuni tena, polepole, neno kwa neno, na safari hii hapakuwa na aliyecheka. Vuai alisema haraka, "Mimi sikuzungusha hata mara moja. Nilishika tu, kama mtu anavyomshikia mwenziwe mtoto. Samaki mwenyewe alikuwa ametulia." Bwana Salum alikuwa mlangoni. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Aliingia, akakaa pembeni ya meza yangu, akazungumza vizuri, bila hasira, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka.

"Hawakuuliza habari ya swala. Wanauliza nani alimvua samaki. Vuai, ulimvua wewe?"

"Siyo mimi, bwana. Yeye."

"Basi. Zuhura, tia alama kwenye hapana."

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nilimtazama Makame.

"Tena Makame, nikuulize," Bwana Salum aliendelea. "Dini nyepesi. Ungeweza kuswali umekaa, rodi mkononi, kwa ishara. Ungeweza au hukuweza?"

"Ningeweza," Makame alisema.

"Sasa?"

Makame aliitazama mikono yake, ambayo ngozi yake ilikuwa inabambuka. "Nilikuwa sijawahi kumpata samaki kama yule. Nikaona sitaki kumwachia hata kwa dakika moja. Nilipoona hivyo nikaogopa. Nikasema, basi huyu ndiye wa kuachiwa. Nilimwachia Vuai ili nisimame mbele ya Mungu, bwana. Zuhura akiandika sikumwachia, itakuwa sikusimama."

Mama wa nyumba ya pili alikuwa dirishani kwake na sahani ya bajia, akaona nyuso zetu, akarudi ndani. Bwana Salum alisema chombo kitafika baada ya miezi miwili, na kwamba anamwambia Makame hivyo ili ajue anachokiacha. Makame alisema anajua. Kisha akanigeukia. "Andika nilichofanya, mwanangu. Na uwaeleze vizuri. Huenda wakafahamu."

Niliandika. Nilitia alama kwenye ndiyo, na katika nafasi ya maelezo nikaeleza wakati wa swala, na rakaa, na kwamba aliyeshika hakuzungusha gurudumu la uzi. Nilirudia sentensi zile mpaka karatasi za rasimu zikajaa kapu. Sikuwahi kabla ya hapo kuandika kitu ambacho maisha ya mtu mwingine yaliegemea Kiingereza changu. Halafu tukangoja. Kila asubuhi nilikuwa mlangoni pa posta kabla haijafunguliwa, na simu ikilia niliidaka kabla haijalia mara ya pili. Mkokotoni watu walimuuliza Makame, "Rekodi haijafika tu?" kama wanaoulizia mgeni aliyechelewa. Bi Mize aliacha kuuliza. Mimi nilijua jibu, nadhani sote tulijua, lakini lile "huenda" la Makame lilikuwa limeniingia, na huenda humnyima mtu usingizi kuliko hapana.

Jibu lilipofika lilikuwa la heshima. Walimpongeza kwa samaki na wakashukuru kwa maelezo ya kweli. Rekodi haikuweza kukubaliwa. Niliwatafsiria neno kwa neno, na nilipomaliza Vuai alisema, "Wangejua mikono yangu ilivyokuwa inauma, wangeandika jina langu." Makame alicheka mpaka akafuta macho. Nahodha wa Malindi alikuja na chombo kipya, mtu mzuri, mwenye jina. Makame hakukaa chini yake. Alirudi Mkokotoni kuvua kwa mshipi wa mkono, na Vuai akaacha kazi siku ile ile, ingawa hakuna aliyemwambia aache. Kabla ya mwaka kwisha na mimi niliondoka, na kijitabu changu.

Mteja hunijia dukani mpaka leo akasema, Bi Zuhura, hapa geuza kidogo tu, nani atajua. Siwahubirii. Huwaambia mashine haikubali. Lakini kama mtu angeniuliza nimejifunza wapi kuogopa kisanduku kidogo kwenye karatasi, ningemwambia ni kwenye chumba kile, mbele ya mikono iliyobambuka ngozi, na kwamba hofu ile haijanitoka wala sitaki initoke. Uani kwa Makame sikuwaambia hivyo wale wasichana wawili. Niliwaambia tu uzito: kilo themanini na sita. Walifurahi, wakaurudia kwa wengine, na kufikia muda wa kupakua ulikuwa umeshapita mia.

Adhuhuri ilipoadhiniwa wanaume walitandika mikeka nje ya nyumba, maana msikiti ulikuwa umejaa. Vuai alikuwa ameletewa kiti. Amenenepa zaidi, magoti hayamruhusu tena kusujudu, na hutembea kwa bakora. Aliniona mlangoni, akaniashiria nije.

"Shikamoo, Mzee Vuai."

"Marahaba, mwanangu. Nishikie bakora hii niswali. Nikiiegemeza itaanguka, itanishughulisha."

Palikuwa na ukuta nyuma yangu, na pembe nzuri ya kuisimamishia. Sikuisimamisha. Niliishika kwa mikono miwili, nikasimama kando nayo, tangu alipofunga swala mpaka alipotoa salamu ya pili na kunyosha mkono kuichukua.